Nilivyouza Ngoma za Mjomba Shikanga

SEHEMU YA SITA: Ukurasa wa tisa

Yule mama wa Mautuma aliyeniandikia kwamba mimi ni mjinga aliyesomeshwa bure, barua yako nimeipata. Sijakasirika. Soma ya leo hadi mwisho, utaona ulinipunguzia.

Kwa mliokosa wiki zilizopita, mambo ni haya. Naitwa Awinja. Nilikuwa katibu wa Wana wa Lirhanda, kikundi cha isukuti, ngoma za kwetu Isukha, cha mjomba wangu Shikanga, mtu aliyenilea tangu mamangu afe. Ngoma zake zilikuwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zote za ngozi ya kenge, na ile kubwa ilichongwa na babu yake. Mwezi wa Machi wakala mmoja wa mjini, Mark Wanzala, alituletea mkataba wa mwaka mzima, kurasa kumi na tatu za Kiingereza. Mjomba akaniuliza, "Awinja, umesoma yote?" Nikamjibu, "Yote, mjomba." Nilikuwa nimesoma kurasa tatu. Akaweka kidole gumba, nami nikaweka sahihi.

Mjomba alifariki Jumatatu asubuhi, kifua kilimshinda. Jumanne, wanaume wakisimamisha hema uani, nilitumwa nitafute kitambulisho chake kwenye faili ya kikundi, cha kuombea kibali cha mazishi. Kitambulisho kilikuwa kimeshikana na mkataba. Hapo ndipo nilipoachia: nimeketi sakafuni chumbani mwa mjomba, ukurasa wa tisa mkononi.

Nitawasomea kwa Kiswahili. Kwa muda wa mkataba huu, kikundi hakitapiga ngoma mahali popote, kwa malipo au bila malipo, mbele ya watu zaidi ya ishirini, bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa wakala. Kikivunja kifungu hiki, jina la kikundi na ala zote zilizoorodheshwa mwishoni zitakuwa mali ya wakala.

Orodha ya mwishoni niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ukatibu. Nambari moja: isukuti kubwa ya Mzee Shikanga.

Watu ishirini! Mazishi ya kwetu yana watu ishirini? Hao ni wachimba kaburi na wapishi wa chai tu.

Msinicheke, na kama mnacheka, chekeni mkijua hili. Kwetu Isukha, hata ningekisoma kifungu hicho siku ile, nadhani ningekipita. Kupiga isukuti mazishini hatukuhesabu kuwa ni shoo. Mjomba alimpigia kila mtu aliyekufa kwenye mlima wetu kwa miaka arobaini. Alimpigia chifu mstaafu, akampigia mwizi wa ng'ombe aliyeuawa sokoni, akampigia mamangu. Ungemuuliza umetumbuiza mara ngapi mwaka huu, angekuambia mara mbili, ile ya harusi na ile ya gavana.

Sasa yeye ndiye alikuwa amelala mochari, na zamu yake ya kupigiwa ilikuwa Jumamosi.

Jumatano nilienda mjini. Sikumwambia mtu.

Ofisi ya Wanzala iko ghorofani, juu ya duka la simu. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Awinja. Mzee alikuwa hazina."

"Asante. Nimekuja kwa sababu ya ukurasa wa tisa."

Akatabasamu. "Kumbe umefika ukurasa wa tisa?"

Mnaona tusi hilo? Nililimeza kwa sababu lilikuwa langu kabisa.

"Nataka barua," nikasema. "Mistari miwili tu. Kwamba Jumamosi tunaweza kumpigia mjomba."

"Ingekuwa juu yangu ningekuandikia saa hii. Lakini siku zenu si zangu tena, nilishampa promota. Kuna hoteli mpya inafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, na nyinyi ndio mnaifungua. Siku thelathini kabla ya hapo msisikike popote kaunti hii."

"Ulitupeana vipi na mimi katibu sijui?"

"Ukurasa wa kumi na moja."

Yeye akaona huruma, au akaigiza, sijui.

"Si mualike kikundi kingine kimpigie?"

"Mpigaji atolewe nyumbani kwake na ngoma ya kuazima? Wewe Wanzala si ni mtu wa Musanda? Kwani huko kwenu mnazikananga namna gani?"

"Tunazikana kwa utaratibu," akasema, akanifungulia mlango. "Enda umwone promota. Yeye akikubali, mimi sina neno."

Promota, Madam Cherop, nilimkuta kwenye hiyo hoteli mpya, amevaa gambuti, anawafokea mafundi wa jukwaa. Nilipomweleza, aliacha kufoka. Akaniketisha kwenye ubao.

"Msichana wangu, mimi baba yangu nilimzika mwaka jana. Ningekuwa na uwezo, ungerudi nyumbani na barua yako. Lakini hizo siku thelathini niliwaahidi wenye ukumbi. Nikizivunja wananifungia jukwaa." Akaita, "Chrispinus! Hebu kuja kidogo."

Chrispinus ndiye meneja wa hoteli, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi linakata. Alinisikiliza kwa adabu sana.

"Shida ni kwamba sisi ukumbi hatuwajui nyinyi," akasema. "Hatuna mkataba na nyinyi. Tuna mkataba na Madam."

"Basi mpe Madam ruhusa."

"Madam naye hana mkataba na nyinyi. Anao na wakala. Ruhusa yenu inatoka kwa wakala."

"Wakala ndiye amenituma hapa!"

"Basi umwambie hapa tumekurudisha kwake."

Wasomaji, mimi nimewahi kuzungushwa. Nimezungushwa kwa cheti cha kuzaliwa, nimezungushwa kwa basari ya chuo. Lakini kuzungushwa na watu watatu wanaokuonea huruma wote kwa pamoja, hiyo nilikuwa sijaonja. Hakuna hata mmoja uliyeweza kumkasirikia.

Nilipoinuka niondoke, Chrispinus akasema, kama wa kunifariji, "Njoo walau uone mahali ngoma zenu zitakaa."

Akanipeleka mapokezi. Ukutani walikuwa wameweka vyuma vitatu vya kuning'inizia, kimoja kikubwa, na taa ndogo juu ya kila kimoja.

"Usiku wa ufunguzi?" nikauliza.

"Kuanzia hapo," akasema.

Nikaona ni maneno ya meneja tu. Nikampa mkono, nikaenda zangu.

Alhamisi Erastus alinivizia jikoni. Erastus ni kifungua mimba wa mjomba, ndiye alikuwa apige ngoma kubwa, kwa kuwa nyumbani kwao mtoto wa kwanza ndiye humtoa babake.

"Awinja, kuna nini? Jana umeshinda mjini na hukuambia mtu."

"Kuna karatasi ndogo nashughulikia. Ya mambo ya ngoma."

"Karatasi ya ngoma gani? Baba amekufa, ngoma itapigwa. Hapo kuna karatasi ya nini?"

"Ni ya wakala. Nitamaliza leo."

Akanitazama. Erastus hukata miwa, si mtu wa maneno mengi. "Kama kuna kitu mbaya, sema sasa. Usingoje tufike kwa kaburi."

Hapo, ndugu zangu, ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mimi na yeye tu, chai ikichemka. Nikasema, "Hakuna kitu mbaya." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ninyi mnaohesabu mhesabu vizuri.

Ijumaa saa nane mwili ulifika. Vilio vya kina mama vilisikika hadi barabarani. Ngoma zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hazijaguswa, na watu walianza kuulizana mbona kimya hivi kwa boma la Shikanga. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, najifanya napasua kuni.

Saa kumi gari likasimama langoni. Akashuka Mark Wanzala.

Alikuja na kreti mbili za soda na mfuko wa sukari. Akavua kofia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akasimama kichwa chini muda mrefu. Akampa mkono mjane, Mama Nasambu, akawapa mkono wazee mmoja mmoja. Wazee wakampa kiti. Akaletewa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, akanawa, akala.

Mzee mmoja akamuuliza, "Kijana, sisi tunasikia ati kuna mambo ya karatasi. Ngoma zipigwe ama zisipigwe?"

Sijui ni nani aliyemnong'onezea mzee yule.

Wanzala akapangusa mikono. Akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, akitazama jeneza, "Wazee wangu, mnaniuliza hata hiyo? Huyu alikuwa baba yetu sote. Pigeni. Pigeni mzee apumzike."

Mayi! Nilitaka kumbusu miguu. Watu wakapumua. Mama Nasambu akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Erastus akanitazama kutoka upande wa pili wa hema, akatikisa kichwa kuniambia nilikuwa najisumbua bure.

Ningeweza kumfuata hadi garini nikamwambie aandike. Kalamu nilikuwa nayo. Lakini niambieni ukweli, ninyi mliozaliwa huku: mtu ameingia kwenye boma la matanga, amekula chakula cha marehemu, ametamka neno mbele ya mwili na mbele ya wazee. Utamfuata umwambie aliandike? Hilo ni kumwita mchawi. Hata hakimu akifiwa kwetu, neno lake la matanga halihitaji muhuri. Nilimsindikiza hadi langoni, nikamshukuru, nikarudi kuosha vyombo nikiimba.

Jumamosi palifurika. Watu walitoka Matungu, walitoka hadi Lugari. Vikundi viwili vya jirani vilikuja na isukuti zao, vikakaa pembeni kwa heshima, ngoma zao magotini, vikingoja mwenye nyumba atolewe kwanza na ngoma yake.

Saa sita Erastus akavaa ngoma kubwa begani.

Sitawaelezea. Nitasema tu kwamba kwa muda ule mdogo, tangu jeneza litoke mlangoni hadi lifike kaburini, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hadi leo ninapoandika. Erastus alikuwa analia na mikono haikosei. Mama Nasambu aliyekuwa hajasimama tangu Jumatatu alisimama akacheza. Nikasema moyoni, mjomba, nilikosa lakini imepita. Imepita, mjomba.

Pasta akamaliza. Jeneza likashushwa. Udongo wa kwanza ukatupwa.

Ndipo pikapu ikaingia kwa nyuma, kupitia shamba la mahindi. Akashuka Wanzala, vijana wawili, na naibu wa chifu wa kwetu akiwa na kofia yake ya kazi.

"Poleni tena," Wanzala akasema. "Sitaki kuharibu siku ya mzee. Nimekuja kuchukua ngoma tu."

Watu wakadhani hawakusikia vizuri. Erastus, ngoma ingali begani, akauliza, "Kuchukua ngoma uende nazo wapi?"

"Ni zangu sasa. Mkataba umevunjwa." Akainua simu. "Nimerekodi yote nikiwa huko mahindini. Hapa kuna watu zaidi ya ishirini, naona."

Mzee mmoja akapiga bakora chini. "Wee kijana! Jana si ulikaa pale, ukakula, ukasema tupige?"

"Nilisema, mzee. Nilisema kama mwombolezaji." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wakala huandika. Muulizeni katibu wenu kama nimeandika."

Hapo vile vyuma vitatu vya ukutani vikanijia. Kuanzia hapo. Hoteli ilitaka ngoma na jina, haikututaka sisi. Wanzala hakuwa ametutafutia maonyesho yoyote. Alikuwa anangoja tukosee, na mjomba akamrahisishia kazi kwa kufa.

Vijana wa kwetu wakaanza kumsogelea Wanzala, na ningependa kuwaambia kwamba walimfikia. Mama Nasambu akapaza sauti, "Hakuna mtu atapigwa mbele ya mzee wangu!" Wakasimama.

Naibu wa chifu alikuwa anafungua kurasa za mkataba, jasho linamtoka. Ni mtu mwema, lakini akiona karatasi yenye muhuri huwa mdogo.

"Erastus," akasema, "hapa kuna kidole cha babako. Na kuna sahihi."

"Ya nani?"

Naibu akanigeuzia macho. Erastus akageuka, akaniona, na nikaona anaelewa kabla sijasema.

"Awinja. Huyu mtu anasema nini?"

"Ni kweli," nikasema. "Mjomba aliniuliza kama nimesoma yote. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimesoma. Na juzi jikoni nilikudanganya tena."

Nilisema mbele ya watu wote hao, na pasta, na mjomba mwenyewe pale chini. Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sikupata.

Erastus hakunipiga. Hata hakunitukana. Alivua mkanda begani polepole, akaikumbatia ile ngoma kubwa, akaenda ukingoni mwa kaburi, akapiga magoti, akaishusha ndani. Tulisikia ikigonga jeneza.

"Haya," akasema akiinuka, akachukua jembe. "Jazeni."

Wanaume wakaanza kusukuma udongo. Wanzala akapiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Simamisha! Hiyo ni mali ya watu! Afande, hiyo ni mali iko kwa orodha!"

"Simameni kwanza," naibu wa chifu akasema. "Jamani, simameni. Wacha tujue."

Majembe yakasimama hewani.

Naibu akaja na ukurasa wa mwisho, orodha yangu. Akaangalia kaburini, akaangalia vile vikundi vya jirani vilivyokaa na isukuti zao magotini, ngoma kubwa mbili nyingine, ngozi ya kenge vilevile. Nikaona ametafuta mlango wa kututolea. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia, "Awinja. Hii orodha uliandika wewe. Mimi macho yangu hayajui ngoma. Huyu bwana naye hajui. Wewe uniambie mbele ya watu: iliyoingia humo ndiyo nambari moja? Ndiyo ama hapana? Ukisema hapana, mimi naandika hapana, na sisi tunamaliza kuzika."

Wanzala akanikaribia. "Awinja, fikiria. Ukidanganya serikali ni kesi, utafungwa. Ukisema ukweli, vijana wangu wanaingia dakika tano, jeneza hatuguzi."

Kesi! Angeniambia kunyongwa ningekubali. Mjomba alikuwa amelala na ngoma ya babu yake kifuani, na neno moja langu lingemwachia. Tangu Machi ndiyo mara ya kwanza nilipata njia ya kumlipa. Uongo wa tatu, na huo ningeutoa kwa raha.

Nikafungua mdomo niseme hapana.

Mkono ukanishika kiwiko. Ulikuwa wa Mama Nasambu, na ulikuwa baridi.

"Ni hiyo," akamwambia naibu wa chifu. "Ni ya Shikanga. Nimelala nayo nyumba moja miaka thelathini na nane, naijua."

"Mama!" Erastus akasema.

"Nyamaza. Huyu msichana asidanganye juu ya kaburi la mume wangu mara nyingine. Mara ya kwanza ndiyo imetuleta hapa." Hakunitazama. "Itoeni mwende nayo."

Vijana wawili wa Wanzala wakatazamana. Mmoja akavua viatu, akavipanga vizuri kwenye nyasi, akaanza kuteremka.

"Atakayeingia humo hatoki," Erastus akasema, akainua jembe kwa mikono miwili.

Yule kijana alikuwa tayari ameshaingia hadi magotini.